Kutazama majira ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kufuatilia mvua, upepo, miti na viumbe wa karibu naye bila chombo chochote zaidi ya macho, daftari na pengine kopo la kupimia mvua. Mifano ni ya Kenya na Tanzania, pwani na bara.

Afrika Mashariki ina majira mangapi?

Inategemea umesimama wapi. Pwani ya kaskazini ya Tanzania, visiwani, nyanda za juu kaskazini mashariki, ukanda wa Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Kenya hupata mvua mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi cha Januari na Februari, na kipupwe cha Juni hadi Agosti. Ukifika Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Lindi au Mtwara, mvua ni za msimu mmoja tu, tangu Novemba hivi hadi Aprili. Kitale na Kakamega nako kuna mpangilio wake: mvua huanza Machi na kuendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi Oktoba au Novemba.

Baharini hesabu ni ya upepo. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huvuma Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kusi ikilegea na bahari kutulia, hiyo ni demani. Kati ya pepo hizo mbili kuu huvuma matlai kutoka mashariki. Kwa hiyo mvuvi wa Pemba na mkulima wa Kongwa wanaweza kukupa majibu mawili tofauti kabisa kwa swali hili, na wote wawe sahihi. Ile picha ya kitabuni ya misimu minne, yenye majani yanayopukutika na theluji, haina kazi hapa.

Nini hasa huleta masika na vuli?

Jua linapokuwa juu ya utosi hupasha ardhi na bahari joto kali, hewa hupanda, na hewa nyingine kutoka kaskazini na kusini hukimbilia kujaza nafasi. Mahali pepo hizo zinapokutana huitwa ukanda mvua. Ukanda huu hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa. Huvuka kwetu ukielekea kaskazini kuanzia Machi, hapo tukapata masika, kisha hurudi kusini kuanzia Oktoba, tukapata vuli. Kufikia Januari umeshatua kusini mwa Tanzania na kwingineko kusini zaidi, ndiyo maana Songea inalowa wakati Tanga inaungua.

Hayo ndiyo maelezo ya jumla. Milima, maziwa na mwinuko wa nchi huyavuruga sana. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini wa mlima uleule. Ziwa Victoria hutengeneza ngurumo zake lenyewe: usiku hewa ya nchi kavu iliyopoa huteremka ziwani kutoka pande zote, ikikutana katikati hulazimika kupanda, na mawingu ya radi huchipuka usiku wa manane wakati kwingine watu wanazoea radi za alasiri. Wavuvi wa dagaa wanaijua hatari hiyo vizuri kuliko kitabu chochote.

Naweza kuona kwa macho yangu jua likivuka utosini?

Ndiyo, na kwangu hili ni zoezi la kwanza ambalo kila anayeanza angelifanya. Simika fimbo iliyonyooka wima mahali tambarare, uweke alama kwenye ncha ya kivuli chake wakati kivuli ni kifupi kuliko muda wote wa siku hiyo. Wakati huo si saa sita kamili. Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi ni kama saa sita na nusu mchana, na Oktoba ni dakika kumi hivi baada ya saa sita.

Rudia kila baada ya wiki moja au mbili. Desemba jua liko kusini kwetu, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinalala upande wa kaskazini. Juni ni kinyume. Kati ya hapo kuna siku mbili ambazo kivuli karibu kinapotea kabisa chini ya fimbo: Dar es Salaam ni mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, Mombasa ni karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, Nairobi ni wiki ya tatu ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Ukizilinganisha tarehe hizo na mvua ulizoandika, utaona mwenyewe ule ucheleweshaji uliotajwa hapo juu.

Lakini si huku mchana na usiku ni sawa mwaka mzima?

Karibu sawa. Nairobi urefu wa mchana hautofautiani kwa zaidi ya dakika kumi kati ya Juni na Desemba; Dar es Salaam tofauti hufika kama robo tatu ya saa. Kinachowashangaza wengi ni kwamba saa ya jua kuchomoza husogea kuliko urefu wa mchana wenyewe. Nairobi jua huwahi zaidi mwanzoni mwa Novemba na huchelewa zaidi Februari, na tofauti yake ni karibu nusu saa. Sababu ni kuinama kwa mhimili wa dunia, pamoja na kwamba dunia haiendi kwa mwendo uleule mwaka mzima inapolizunguka jua.

Mbona Julai Nairobi huwa na mawingu siku nzima lakini mvua haba?

Kusi husukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini na kuipandisha kwenye miinuko, inapoa, mawingu yanaundwa. Juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto na ukavu zaidi, nalo huyafunika mawingu hayo kama kifuniko cha sufuria. Hayawezi kukua kwenda juu, basi yanatanda tu, mepesi na ya kijivu, yakidondosha manyunyu. Ukishuka kuelekea pwani au kaskazini kwenye nchi kame, siku hiyohiyo jua linawaka.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya sakitu, ile barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea usiku, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hasa Njombe na Makete. Sakitu huja usiku ulio wazi na usio na upepo, si usiku wa mawingu, kwa hiyo ukiona nyota zinang'aa sana jioni ya Juni huko, funika miche.

Je, dalili za wazee zinaaminika?

Swali hili ndilo linalostahili jibu refu kuliko yote, maana watu hulijibu kwa haraka, ama kwa kudharau ama kwa kuamini kila kitu. Njia nzuri ni kuuliza kila dalili: hiki kiumbe au kitu kinapata wapi habari zake?

Baadhi ya dalili husoma hewa ileile inayoleta mvua. Upepo kugeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, usiku kuanza kuwa na joto na jasho baada ya wiki za ubaridi, mavundevunde ya asubuhi yanayokua kuwa minara ifikapo saa nane mchana: hivi ni vipimo halali, na mtabiri wa ofisini anavitazama pia kwa vyombo vyake. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu, ila anayeishi nchi kame anajua mawingu mengi hupita yakiwa na safari zao.

Dalili nyingine hujibu mvua ambayo tayari imenyesha. Kumbikumbi, jongoo wanaotapakaa njiani, vyura wanaopiga kelele usiku kucha: hawa hawatabiri chochote. Wanakwambia udongo umelowa kiasi cha kuwatosha, na hiyo ni habari ya maana kwa anayesubiri mvua ya kupandia. Lakini kumbikumbi wakitoka leo, haina maana kwamba wiki ijayo itanyesha. Wakulima wengi wamepoteza mbegu kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Kuna pia dalili zinazokwenda kwa saa yake. Ndege wahamaji huondoka Ulaya au Asia kwa sababu za huko, siku zinapofupika, na hufika kwetu karibu tarehe zilezile iwe mvua ni nzuri au mbaya. Nyota ni hivyohivyo. Hizi ni kalenda nzuri sana, zinakwambia mwezi gani mvua huja kwa kawaida. Haziwezi kukwambia kama mwaka huu zitakuja.

Kwa hiyo mzee anayesema mvua iko karibu kwa kuchanganya upepo, joto la usiku, maua ya miti fulani na nyota anafanya kazi ya busara: anaweka kalenda pamoja na vipimo vya hewa. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, kaunti ya Vihiga, Kenya, unajulikana kwa utabiri wa aina hiyo, na umewahi kukaa pamoja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kulinganisha utabiri wao na ule wa kisayansi kabla ya msimu. Anayechukua dalili moja tu, tena ya kusikia, ndiye anayedanganyika.

Kilimia ina uhusiano gani na mvua?

Kuna msemo wa kale: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei hupotelea kwenye mwanga wa machweo upande wa magharibi, na hurudi kuonekana alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni. Ikiwa kimepotea masika ikiwa imekolea, kitazuka ukavu wa kipupwe umeshaingia. Nusu hiyo ya msemo inakubaliana na hali ya kawaida ya pwani. Novemba utakiona kikichomoza jioni, wakati wa vuli.

Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa pia na mwaka wa jua wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, kuanzia Siku ya Mwaka. Sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, inayofanyika Julai, ni masalia ya hesabu hiyo. Mwezi mwandamo usingewafaa kwa kilimo wala safari, kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi na huyapita majira yote.

Kwa nini kumbikumbi hutoka wote kwa wakati mmoja?

Mchwa wenye mbawa hukaa tayari kichuguuni wakisubiri. Mvua ya kwanza ikilainisha udongo, na hewa ikiwa na unyevu usiowakausha, vichuguu vya eneo zima huwaachia karibu saa zilezile. Faida ni mbili. Ya kwanza, dume na jike wa vichuguu tofauti wanakutana. Ya pili, ndege, mijusi, vyura, kuku na watoto wenye mabakuli hawawezi kuwamaliza wote. Waliosalia hudondosha mbawa, hujipanga wawili wawili na kuchimba. Udongo ukiwa mkavu tena siku mbili baadaye, wengi wanakufa.

Andika tarehe, saa waliyotoka, na mvua iliyotangulia ni milimita ngapi. Aina tofauti hutoka saa tofauti, wengine alfajiri, wengine jioni, wengine usiku wakifuata taa.

Miti huchipua kabla ya mvua. Inajuaje?

Pita kwenye miombo ya Tabora au Iringa mwezi Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na moshi umetanda, utaikuta miti imevaa majani machanga mekundu kama shaba. Mvua bado wiki kadhaa. Miti hiyo ina akiba ya maji kwenye shina na mizizi inayofika mbali chini, na joto linalopanda baada ya kipupwe huiamsha. Inaanza mapema ili mvua ikifika majani yawe yamekomaa, tayari kwa kazi. Kwa maneno mengine miombo hufuata kalenda na joto. Ichukulie hivyo, usiichukulie kama ahadi.

Mbuyu ni mfano mwingine. Unakaa mtupu miezi mingi, kisha karibu na kuanza kwa mvua hutoa maua makubwa meupe yanayofunguka jioni na kunyauka siku inayofuata. Popo ndio wageni wake wa usiku. Maua hayo yakidondoka asubuhi ni rahisi kuyahesabu chini ya mti, jambo linaloufanya mbuyu kuwa mti mzuri wa kufuatilia.

Ipo pia migunga ya aina ya Faidherbia albida, ambayo imegeuza mambo kabisa: hupukutisha majani mvua zikinyesha na kuwa ya kijani kiangazi. Mkulima anapenda mti huu shambani kwa sababu haunyimi mahindi mwanga wakati yanapokua, na majani yake yanarutubisha udongo. Mtu mgeni huudhani umekufa.

Miembe ya pwani huchanua zaidi kipupwe, baada ya ubaridi na ukavu. Mijakaranda ya Nairobi huchanua Septemba hadi Novemba, na mikrismasi hufuata kwa maua yake mekundu kuelekea Desemba. Chagua miti miwili au mitatu unayopita kila siku, uifuate hiyohiyo miaka yote. Kubadilisha miti kila mwaka kunaharibu ulinganifu.

Ndege gani wa kuangaliwa?

Mbayuwayu wa Ulaya hufika Septemba na Oktoba na huondoka kufikia Aprili. Keremkerem wa Ulaya hupita majira hayohayo, na mara nyingi utawasikia kwa sauti yao ya kutetema juu angani kabla ya kuwaona. Korongo weupe hushuka kwenye mbuga na mashamba wakati wa mvua, wakifuata wadudu.

Wa ajabu zaidi ni kozi wadogo wanaozaliana kandokando ya mto Amur, mpakani mwa Urusi na China. Hupita India, kisha huivuka Bahari ya Hindi wakisukumwa na upepo, na huonekana kwetu Novemba na Desemba, aghalabu mbele ya mawingu ya radi, wakila kumbikumbi wakiwa hewani. Kuna kereng'ende pia, aina ya Pantala flavescens, ambao hutokea kwa makundi makubwa mvua zinapoingia. Huzaliana kwenye vidimbwi vya muda, na watafiti wengi wanaona kwamba nao huivuka bahari hiyo kwa upepo uleule.

Kwa ndege wenyeji, sikiliza kekeo mwenye kidari chekundu: sauti tatu zinazoshuka, zikirudiwa bila kuchoka, zaidi mvua zinapokaribia na zinapoanza. Hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo, kwa hiyo huimba pale hao wengine wanapojiandaa kujenga. Na mtazame kweche dume. Kiangazi ni wa kahawia wenye michirizi, humtofautishi na jike. Mvua ikija huvaa manyoya mekundu na meusi na kuruka juu ya majani marefu akijionyesha. Tarehe ya kumwona kweche mwekundu wa kwanza ni kumbukumbu nzuri kwa sababu haina ubishi.

Vidimbwi vya mvua vina kitu cha kutazama?

Vingi kuliko unavyodhani. Katika nyanda za chini za Kenya, Tanzania na Msumbiji wapo samaki wadogo wenye rangi kali, jamii ya Nothobranchius, wanaoishi kwenye vidimbwi vinavyokauka kila mwaka. Wazazi wote hufa maji yakiisha. Mayai hubaki kwenye tope kavu na kuanguliwa mvua inayofuata. Aina moja ya Msumbiji na Zimbabwe inaweza kukomaa na kutaga ikiwa na umri wa wiki mbili hivi. Kamongo hutumia njia nyingine, anajizika kwenye tope na kupumua hewa hadi maji yarudi.

Nipime mvua kwa nini na vipi?

Maana kumbukumbu ya kichwani hukuza mvua kubwa na kusahau siku kavu. Kipimamvua cha dukani ni kizuri, lakini chombo chochote chenye mdomo wa duara na kuta zilizonyooka kitafanya kazi. Ukitumia chupa ya plastiki, kata sehemu ya juu uigeuze iwe faneli, jaza kokoto chini kwenye mikunjo, mimina maji hadi mahali kuta zinaponyooka, na hapo pawe sifuri. Weka rula ubavuni.

Kama faneli ni pana kuliko chupa, rula haifai, itakudanganya. Pima ujazo badala yake: mililita zilizokusanywa zidishe kwa 10, gawa kwa eneo la mdomo wa faneli kwa sentimita za mraba. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la 78.5, kwa hiyo mililita 78.5 ni mvua ya milimita 10. Milimita moja ni lita moja juu ya kila mita ya mraba, na juu ya ekari moja ni kama lita 4,000.

Weka chombo mbali na ukuta na miti, angalau mara mbili ya urefu wa kitu chochote kilicho karibu. Soma saa tatu asubuhi kila siku, saa wanayotumia wengi kwenye vituo vya Kenya na Tanzania, ili takwimu zako zilinganishwe na zao. Siku isiyo na mvua andika 0. Nafasi tupu si sifuri. Nafasi tupu ina maana hukupima.

Kipimajoto kikae kivulini, penye hewa inayopita, urefu wa kifua hivi kutoka chini. Cha ukutani kinapima ukuta.

Kwenye daftari niandike nini?

Tarehe, mahali, mvua, upepo unatoka wapi, na kitu kimoja ulichokiona kwa mara ya kwanza msimu huo au kwa mara ya mwisho. Mara ya mwisho watu huisahau kwa sababu hujui kwamba ni ya mwisho hadi siku zipite, kwa hiyo andika hata "mbayuwayu bado wapo". Usiandike tafsiri yako mahali pa ulichokiona. "Mawingu meusi kusini mashariki, hayakunyesha" inafaa. "Masika imechelewa" haifai, hiyo ni hukumu na utaitoa baadaye ukiwa na ushahidi.

Na baharini?

Anza na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kwenye pwani yetu hufika kama mita nne. Katikati ni maji mafu, ambapo hayaendi mbali. Bamvua kubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba. Hizo ndizo siku za kutembea mwambani na kuona pweza, kaa na nyasi za baharini ambazo kwa kawaida ziko chini ya maji, ukivaa viatu na ukijua saa ya maji kurudi.

Wakati wa kusi bahari huchafuka na mkondo wa kwenda kaskazini huongeza kasi. Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita, wakitoka bahari za karibu na Antaktika kuja kuzaa. Kaskazi ikiingia maji hutulia. Mafia hupokea papa potwe kuanzia Oktoba hivi hadi Februari au Machi.

El Niño ikitangazwa, tutarajie mafuriko?

Tarajia uwezekano mkubwa zaidi wa vuli nzito, basi. El Niño ni joto la maji ya Pasifiki; Bahari ya Hindi iko karibu nasi zaidi na ina neno lake. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, vuli huwa na nguvu. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikutana. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño kali, lakini tofauti ya Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa na mvua zikamwagika. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, na vuli haikuifikia ile ya 1997. Mvua za 1961 nazo zilikuwa kubwa mno. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964.

La Niña, yaani maji ya Pasifiki yakipoa, huwa kinyume. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo iliharibika kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Masika haifungamani sana na mambo haya, ndiyo sababu ni vigumu kuitabiri mapema.

Kwa nini vimbunga ni nadra kwetu?

Kimbunga kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu. Nadra lakini si kamwe: Unguja ilipigwa 1872, Lindi 1952, na Hidaya ilifika pwani ya Tanzania Mei 2024.

Majira yamebadilika kweli?

Mengine ndiyo, na kwa namna inayochanganya. Vipimo vya sehemu nyingi za kanda vinaonyesha masika ilipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010, huku vuli ikielekea kuongezeka. Barafu ya Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwepo mwaka 1912. Usiku una joto zaidi. Lakini daftari la miaka mitatu haliwezi kuthibitisha mabadiliko ya hali ya hewa. Mvua zetu hupanda na kushuka mno mwaka hadi mwaka. Wataalamu hulinganisha na wastani wa miaka 30.

Radi ikianza nikiwa nje natazama?

Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Ukisikia ngurumo tu tayari uko ndani ya hatari. Ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, ondoka majini, na usisimame chini ya mti.

Programu ya simu haitoshi?

Kwa kesho, mara nyingi inasaidia. Kwa mvua za ngurumo za alasiri, zinazolowesha kijiji kimoja na kuacha cha pili, haitoshi. Soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambazo zinatengenezwa kwa ajili ya nchi yako. Mvua za "juu ya wastani" katika utabiri wa msimu ni uwezekano kwa eneo zima na kwa miezi mitatu. Ndani yake panaweza kuwa na wiki tatu kavu.

Kumbukumbu zangu nizipeleke wapi?

Picha za mimea, wadudu na maua zipeleke kwenye tovuti ya iNaturalist, ndege kwenye eBird au Kenya Bird Map. Takwimu za mvua zina thamani kwa ofisi ya hali ya hewa ya wilaya au kaunti, kwani tangu zamani mtandao wa vituo vya mvua umetegemea pia shule, misheni na mashamba. Wapelekee nakala, daftari libaki kwako. Ambatanisha mahali kamili pa kipimamvua, mwinuko wake, aina ya chombo, saa ya kusoma na tarehe uliyokihamisha kama ulikihamisha. Siku za sifuri zisiondolewe ili jedwali lipendeze.